Je, Tungoje Umeme wa Angani?



Mwezi uliopita tulikutana katika ukumbi wa parokia yetu, baada ya Misa ya pili, kwa shauri moja tu, shauri la turbini. Wengi wenu mna habari za turbini za namna hiyo, maana misioni nyingi za nchi yetu zilijengwa karibu na kijito, ili maji yageuze gurudumu na gurudumu litoe umeme. Ya kwetu ni ndogo. Ilikuwa ikiwasha taa za kanisa, za shule na za nyumba ya uzazi, na mchana ikisaga unga wa mahindi na wa mihogo. Imesimama tangu mvua za mwaka juzi. Mfereji umejaa mchanga, na mhimili wa gurudumu umelika. Fundi amekwisha kuja, amepima, ametaja bei. Ilibaki kuchanga tu.

Ndipo kijana mmoja akasimama. Ni kijana mwenye masomo, wala hatumtaji jina, maana twampenda na twajua kwamba hakunena kwa ubaya. Akatuambia: “Wazee wangu, kwa nini kutupa fedha katika mfereji wa matope? Wataalamu wa Ulaya na wa Marekani wanatengeneza mitambo ya kuwekwa juu angani, itakayokusanya jua mchana na usiku na kuutuma umeme chini bila waya. Ni miaka michache tu. Tuungoje huo.” Mzee mmoja akacheka kwa sauti, akajibu kwamba hizo ni hadithi za sungura. Watu wakagawanyika, hawa upande huu, hawa upande ule, tukatoka bila kuchanga hata franka moja. Na usiku ule ule masista walipokea mtoto kwa mwanga wa tochi, kama walivyofanya usiku wa kabla yake.

Sisi twasema kwamba wote wawili walikosa. Mzee alikosa kwa kudhani kwamba jambo hili ni uongo. Kijana alikosa zaidi, kwa kudhani kwamba jambo la kweli ni lazima liwe jambo la karibu. Kwa kuwa maneno hayo sasa yasikika katika parokia nyingine pia, yafaa tuyapime, moja moja, bila kelele.

Jambo lenyewe si uongo

Tuanze na mzee wetu. Jua huangaza bila kukoma; sisi ndio tunaogeuka na kuingia usiku, na mawingu yetu ndiyo yanayotufunika. Juu, mbali na hewa ya dunia, hakuna wingu. Mtambo ukipandishwa juu ya ikweta kwa urefu wa kilometa 36,000 hivi, utaizunguka dunia mara moja kwa siku, sawasawa na mgeuko wa dunia yenyewe. Kwa hiyo mtu aliye chini atauona kama umesimama mahali pamoja daima. Huko juu mtambo huo hupata jua karibu mwaka mzima. Hufichwa na kivuli cha dunia kwa muda mfupi tu, usiozidi saa moja na robo kwa siku, katika majuma yaliyo karibu na mwezi wa tatu na wa tisa.

Basi, wazo ni hili. Mabamba ya jua, jamii ya yale tunayoyaona juu ya mabati ya maduka, yatandazwe huko. Umeme wake ugeuzwe kuwa mawimbi ya redio mafupi sana, jamii ya yale yanayobeba sauti za simu zetu. Mawimbi hayo yaelekezwe chini, na huku chini utandazwe wavu mkubwa wa nyaya unaoyapokea na kuyageuza kuwa umeme tena.

Aliyeliweka wazo hili katika maandishi ya wataalamu ni mhandisi Peter Glaser wa Marekani, mwaka 1968. Kabla yake, mwaka 1964, mwenzake William Brown alikuwa amekwisha kuonyesha ndege ndogo ya panga, iliyoongozwa kwa kamba, ikipaa bila tone la mafuta, kwa nguvu za mawimbi yaliyotumwa kutoka chini. Mwaka 1975, huko Goldstone katika jimbo la California, zilitumwa kilowati zaidi ya 30 kupita hewani kwa umbali wa kilometa moja na nusu, zikapokewa zikawasha taa. Na mwaka 2023 chuo cha Caltech kilirusha chombo kidogo, kikatuma mawimbi yake kutoka angani, na chombo cha kupokea kilichowekwa juu ya paa la jengo la chuo hicho kikayatambua. Nguvu iliyofika ilikuwa ndogo mno, lakini ilifika.

Kwa hiyo mzee wetu asicheke. Na wale wanaotishia watu kwamba mawimbi hayo yatawachoma kama nyama katika chungu, nao wasitishe. Katika mpango mkubwa uliochorwa na Wamarekani kati ya 1977 na 1980, nguvu ya mawimbi katikati ya ule wavu ilikadiriwa kuwa wati 230 kwa kila meta ya mraba, yaani chini ya robo ya nguvu ya jua la saa sita mchana. Si mahali pa kukaa watu, pangezungushiwa ua. Lakini si moto wa kuteketeza miji.

Tupime sasa ukubwa wake

Kijana wetu ataturudia akisema: “Basi, mmekubali!” Ndiyo, tumekubali kwamba yawezekana. Lakini mambo mengi yawezekana ambayo mtu mwenye watoto hayangoji. Tupime.

Mawimbi yanayotoka mbali hutawanyika, kama mwanga wa tochi unavyotanuka ukimulika ng’ambo ya bonde. Hakuna ufundi wa kulikwepa jambo hilo. Ndiyo maana katika mpango ule wa Wamarekani, chombo cha kutumia mawimbi huko juu kilitakiwa kuwa na upana wa kilometa moja, na wavu wa kupokea chini ulitakiwa kuwa na kilometa 10 kwa 13. Huku kwetu, karibu na ikweta, ungekuwa duara la kilometa 10, yaani karibu kilometa za mraba 80 za ardhi. Na mabamba yenyewe huko juu yangekuwa na upana wa kilometa 5 na urefu wa kilometa 10. Mtambo mmoja wa namna hiyo ungetoa megawati 5,000.

Angalieni vizuri: huwezi kuufanya mdogo kwa ajili ya kijiji kimoja. Ukipunguza chombo cha juu, mawimbi yatatawanyika zaidi, na wavu wa chini utatakiwa kuwa mpana zaidi kwa umeme mdogo zaidi. Turbini ya kijito yaweza kuwa ya nyumba kumi. Mtambo wa angani ama ni mkubwa sana, ama haufai kitu.

Uzito je? Mpango ule ulikadiria tani zaidi ya 30,000 kwa mtambo mmoja. Kituo cha angani cha mataifa, ambacho ndicho kitu kizito kuliko vyote vilivyojengwa na watu huko juu, kina uzito wa tani 420 hivi, na kukijenga kulianza mwaka 1998, kazi kubwa ikamalizika mwaka 2011. Kituo hicho kiko kilometa 400 tu juu yetu, si 36,000. Basi, mtambo mmoja ni kama vituo 70 vya namna hiyo, tena mbali zaidi. Roketi ya Falcon Heavy, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2018, yaweza kupandisha tani 64 hivi hadi njia ya chini. Gaweni wenyewe: ni safari zaidi ya 460, na hapo mzigo bado haujafika mahali pake.

Labda mtatuambia: “Hayo ni makadirio ya zamani. Siku hizi mabamba ni mepesi, na roketi hurudi chini na kutumika tena.” Ni kweli, nasi hatufichi. Kwa hiyo tusikilize makadirio mapya. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024, NASA, idara ya Marekani ya mambo ya angani, ilitoa ripoti juu ya mitambo ya namna mbili. Ilikadiria kwamba kilowati-saa moja ya umeme wa angani ingegharimu senti 61 za dola kwa mtambo wa namna ya kwanza, na dola 1 na senti 59 kwa ule wa pili. Umeme wa jua, wa upepo na wa namna nyingine zinazopatikana duniani, ilikadiria kwamba ungegharimu senti 2 hadi 5. Yaani umeme wa juu ungekuwa ghali mara 12 hadi mara 80. Ripoti yenyewe inaongeza kwamba bei yaweza kushuka sana hadi kukaribia ile ya chini, lakini mambo mengi lazima yabadilike kwa pamoja: roketi ziwe rahisi sana, mitambo idumu muda mrefu, na mashine zijue kujenga zenyewe huko juu. Huo si umeme wa miaka michache, kijana wetu.

Hesabu ya mabamba matatu

Twawaomba sasa mfanye nasi hesabu moja ndogo, maana hapa ndipo ulipo moyo wa shauri.

Juu angani, meta moja ya mraba hupokea nguvu ya jua ya wati 1,361 bila kukoma. Kwa siku nzima ni zaidi kidogo ya kilowati-saa 32. Huku chini katika nchi yetu, tukihesabu usiku, mawingu na mvua, meta hiyo moja hupata kilowati-saa 5 hivi kwa siku. Kwa hiyo bamba la juu hupata jua mara 6 kuliko bamba la chini. Hesabu hii ndiyo inayomvuta kijana wetu.

Lakini umeme wa juu lazima ugeuzwe kuwa mawimbi, mawimbi yasafiri, kisha yageuzwe kuwa umeme tena. Kila mgeuko hula sehemu yake. Tukikubali kwamba nusu inafika, zile mara 6 zabaki mara 3. Basi, faida yote ya kwenda angani ni hii: bamba moja huko juu hufanya kazi ya mabamba matatu yaliyo juu ya paa lako. Je, lipi rahisi zaidi, kununua mabamba mawili zaidi, au kununua roketi?

Mtasema: “Usiku je? Bamba la paa hulala.” Ni neno la haki. Ndiyo sababu yahitajiwa betri. Lakini tangu mwaka 2010 bei ya mabamba ya jua imeshuka kwa zaidi ya sehemu 8 katika 10, na bei ya betri za litiamu imeshuka vivyo hivyo. Kila mwaka unaopita, ule usiku unaotumiwa kama hoja ya kwenda angani unakuwa rahisi zaidi kuuvuka hapa hapa chini. Tena sisi tulio na kijito tuna kitu kisicholala usiku, wala hakikuletwa na roketi.

Umeme ukishuka, utashukia wapi?

Hata tukubali yote. Tuseme kwamba siku moja mtambo umepandishwa, bei imeshuka, mawimbi yameshuka katika wavu wao. Ndugu zangu, je, taa ya nyumba ya uzazi itawaka? La! Umeme utakuwa umefika katika wavu. Kutoka hapo zatakiwa nguzo, nyaya, transfoma, mafundi, na mtu wa kulinda nyaya zisiibwe. Hayo yote ni ya huku chini, na hayo ndiyo tusiyokuwa nayo.

Wakongo tuna mfano wa jambo hili kuliko taifa lolote. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Zote mbili zilijengwa kutoa megawati 1,775. Ukapitishwa waya wa kilometa 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, ili umeme uende kwenye migodi ya shaba. Waya huo hubeba umeme wa volti 500,000, wa namna isiyowezekana kuchotwa njiani kwa transfoma ya kawaida. Vituo vya kuugeuza vilijengwa viwili tu, kimoja Inga na kimoja Kolwezi. Kwa hiyo nguzo zikapita juu ya vijiji, watu wakalima chini yake, wakazeeka chini yake, na jioni wakawasha vibatari. Lakini deni la kazi hiyo lililipwa na taifa zima, na wale wa vibatari wamo.

Tena wataalamu husema kwamba maporomoko ya Inga, yakijengwa yote, yaweza kutoa megawati 40,000 na zaidi. Hizo ni sawa na mitambo 8 ya angani ya mpango ule mkubwa. Tayari tunayo mitambo 8 ya angani, imelala mtoni, haihitaji kurushwa! Hata hivyo, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, ni kama mmoja tu katika watano anayepata umeme. Basi, ugonjwa wetu si ukosefu wa chemchemi ya umeme. Mtu mwenye kisima uani na asiye na ndoo hasaidiwi kwa kuahidiwa ziwa jingine.

Wala ahadi za angani si ngeni kwetu. Wazee wa Katanga ya kaskazini wanakumbuka kampuni ya OTRAG, ya Ujerumani Magharibi, iliyopewa katika miaka ya 1970 haki juu ya eneo la kilometa za mraba 100,000 hivi, ili ijaribu roketi zake juu ya bonde la mto Luvua. Roketi ya kwanza iliruka mwezi wa tano mwaka 1977. Ile ya mwezi wa sita mwaka 1978 iliharibika na kuanguka, Rais Mobutu mwenyewe akiitazama. Mwaka 1979 kazi ikakatazwa, kampuni ikaondoka. Ardhi ilikuwa yetu. Anga lilikuwa la wengine. Kwa hiyo mtu akituambia leo kwamba yafaa tutenge kilometa za mraba 80 kwa ajili ya wavu wa kupokea mawimbi, tutamwuliza kwanza maswali matatu. Mtambo ni wa nani? Nani anashika ufunguo wa kuufunga? Na nyaya za kutoka kwenye wavu zinaelekea kijijini, au mgodini?

Wenye haki ya kungoja, na wasio nayo

Hatutaki kusomwa vibaya. Hatuwalaumu wataalamu. Shirika la mambo ya angani la Ulaya lilianzisha uchunguzi wake, unaoitwa SOLARIS, na Wajapani wamelifanyia jambo hili kazi kwa miaka mingi. Mwaka 2015 walituma kilowati 10 kwa mawimbi umbali wa meta 500. Nchi za kaskazini zina majira ya baridi ambayo jua lao ni dhaifu na usiku wao ni wa saa kumi na sita. Nazo zina waya katika kila nyumba. Wao wakitafuta chemchemi mpya, wana haki, maana nyumba zao zinawaka wakati wanapongoja. Mwenye kushiba aweza kungoja karamu ya mwaka ujao.

Lakini sisi tungojao gizani hatungoji bure. Tunalipa kila jioni: mafuta ya taa, mishumaa, betri za tochi, makaa. Wanafunzi wanalipa kwa macho yao. Wamama wanalipa katika nyumba ya uzazi, na malipo yao mara nyingine ni ya kutisha. Na mkubwa yeyote ambaye hataki kutengeneza nguzo iliyoanguka atafurahi sana kusikia kwamba watu wake wenyewe wamekubali kungoja umeme wa angani. Hapo ndipo ilipo hatari ya neno la kijana wetu. Hakumsaidia mtaalamu wa Marekani hata kidogo. Alimsaidia mvivu wa nyumbani.

Wazee walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako mbovu, lakini ni wako, na unaulalia usiku huu. Turbini yetu ni mkeka mbovu. Haitawasha jiji, haitaandikwa katika vitabu vya wataalamu. Itawasha taa sita za nyumba ya uzazi na itasaga unga.

Kwa kijana wetu tuna neno jingine, la upendo. Soma! Usiache kusoma habari za mitambo ya angani, hata siku moja uwe miongoni mwa wale wanaoijenga, ili swali la nani anashika ufunguo lipate jibu jema. Lakini kazi hiyo huanza kwa mtu anayejua jinsi gurudumu linavyogeuka, jinsi waya unavyofungwa, jinsi transfoma inavyolindwa. Njoo ukae na fundi wetu siku tatu atakapofungua mhimili. Utajifunza mambo ambayo hayamo katika simu yako.

Na kwa mzee wetu: usicheke tena, bali lete jembe. Mchanga wa mfereji si kazi ya fundi, ni kazi yetu sote, nayo haidai hata franka. Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, tutakutana kwenye mfereji. Mchango wa mhimili utapokelewa Jumapili mlangoni, kila jamaa kadiri iwezavyo, na jumla yake itasomwa mbele ya wote. Nao wasomaji wa parokia nyingine wenye turbini iliyosimama, au mabamba yaliyopasuka juu ya paa la shule, wasitungoje sisi, wala wasingoje anga. Wapande juu ya paa, washuke mtoni, wahesabu kilichovunjika, waanze.